Wao Walipewa Rangi, Sisi Tukapewa Ujumbe

Mwaka wa 1935 posta ya Uingereza ililipia filamu fupi ambayo ndani yake hakuna mtu hata mmoja. Hakuna mama anayepokea barua, hakuna tarishi kwa baiskeli, hakuna mbwa anayemkimbiza tarishi. Ni rangi tu. Mistari inajipinda, madoa yanarukaruka, mawimbi ya bluu na nyekundu yanapishana, yote yakifuata muziki wa bendi ya Kikuba. Filamu inaitwa A Colour Box. Aliyeitengeneza, Len Lye, hakutumia kamera. Aliulaza mkanda mtupu wa filamu mezani, akaupaka rangi kwa mkono. Mwishoni yanapita maneno machache kuhusu bei nafuu ya kutuma vifurushi, basi. Na filamu hiyo haikufichwa kwenye jumba la makumbusho. Ilionyeshwa kwenye sinema za kawaida, mbele ya watu waliolipa kiingilio kuja kuona kitu kingine kabisa.

Mwaka huo huo, huku kwetu, kwenye milima ya Usambara, mahali paitwapo Vugiri, ulianza mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Pesa zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani, wamisionari wakaudhamini, na Ofisi ya Makoloni ya London ikaupa baraka. Kufikia 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mojawapo ya filamu zao za mwanzo nayo ilihusu posta. Benki ya akiba ya posta. Kibarua mmoja anafukia mshahara wake ardhini, mwizi anaufukua. Mwenzake mwenye akili anaupeleka wake benki. Umeelewa? Weka pesa posta. Kwaheri, lori linaenda kijiji kingine.

Posta mbili, mwaka mmoja, dola moja. Mtazamaji wa London aliaminiwa na rangi. Mtazamaji wa huku alipewa somo. Na kabla hujaniambia hiyo ni historia ya babu zetu na waliohusika washakufa wote, hebu fungua barua pepe yako utafute tangazo la ufadhili wa filamu kwa vijana. Soma fomu. Ujumbe wa filamu yako ni upi? Walengwa ni nani? Itabadilisha tabia gani katika jamii? Hiyo fomu iliandikwa Vugiri. Kilichobadilika ni tarehe.

Nazijua hizo fomu kwa sababu zinanilisha. Niliacha chuo, digrii sina, lakini lugha ya fomu naijua, na wasee wanaotengeneza filamu hunilipa niwaandikie. Nimeandika kuhusu mimba za mapema, plastiki mtoni, amani wakati wa uchaguzi. Mambo ya maana, sikatai. Lakini kuna rafiki yangu, dada anayechora kuliko mtu yeyote ninayemjua, aliyeniletea wazo lake la dakika mbili. Ile rangi ya mafuta juu ya dimbwi kando ya gereji, ule upinde wa mvua mchafu, ukizunguka na kuvunjika kwa kufuata mngurumo wa mashine ya kusaga unga. Hakuna hadithi, hakuna mhusika. Tukaandika hivyo hivyo bila kupaka mafuta. Jibu lililorudi lilikuwa la heshima kabisa: kazi inavutia, lakini jamii itanufaika vipi, na je, mnaweza kuigeuza iwe kuhusu uchafuzi wa mazingira?

Aliigeuza. Kodi hailipwi na upinde wa mvua. Sasa kando ya dimbwi kuna mtoto anayekohoa.

Wafadhili siwataji, kwa sababu si wao peke yao. Tatizo ni kubwa kuliko ofisi moja. Tatizo ni imani kwamba mtazamaji wa hapa, yaani mamako, jirani yako, wewe, hawezi kutazama kitu ila akielezwa kwanza ni cha kazi gani. Imani hiyo ina umri, ina anwani, na ilipingwa tangu zamani na watu waliokuwa na brashi na msumari tu. Ndiyo maana nataka tuongee kuhusu filamu za kupakwa kwa mkono. Sikuja kusifu wazungu wa kale. Nataka uone kwamba hoja zote tunazopewa za kutunyima rangi (hamna vifaa, hamna soko, watu hawataelewa) zilishajibiwa, na majibu yenyewe yapo mtandaoni, unaweza kuyatazama ukiwa kwenye matatu.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Mkanda wa kawaida wa sinema una upana wa milimita 35, na matundu pembeni ya kuuvuta. Umegawanywa fremu, kila fremu karibu ukubwa wa stempu. Kila sekunde, fremu 24 zinapita mbele ya taa ya projekta. Dakika moja ni fremu 1,440, mkanda wa zaidi ya mita 27. Kwa kawaida kamera ndiyo inayoweka picha kwenye hizo fremu. Sasa itoe kamera. Chukua mkanda usio na kitu, unaopitisha mwanga, uupake wino au rangi. Au chukua mkanda mweusi, ukwaruze ule weusi kwa sindano mpaka mwanga upate njia. Ukiweka nukta kwenye fremu moja tu, itawaka na kuzima kabla hujapepesa. Ukivuta mstari mrefu kupita fremu mia bila kujali mipaka yake, kwenye pazia utatetemeka kama waya wa stima wakati wa upepo. Na kwa vile taa hukuza kila kitu, kidoa cha ncha ya sindano kinatokea kikubwa kama kichwa cha ng'ombe. Unywele ulioanguka kwenye rangi mbichi unakuwa mhusika. Mkono ukitetemeka, ukuta mzima unatetemeka.

Hiyo ndiyo kazi. Sasa angalia waliofanya na walikuwa na nini.

Norman McLaren alikuwa mwanafunzi wa sanaa Glasgow mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kamera hakuwa nayo. Alipata filamu kuukuu iliyochakaa, akailoweka kwenye beseni la kuogea mpaka picha za zamani zikabanduka, akabaki na mkanda mweupe, akaanza kuupaka rangi. Huyo huyo baadaye, New York, mwaka wa 1940, alitengeneza filamu iitwayo Dots ambayo hata sauti yake aliichora. Kando ya fremu kuna ukanda mwembamba ambao projekta huusoma kama sauti. Yeye alichora vijistari na vidoa hapo kwa kalamu na wino, na projekta ikavisoma kama muziki. Hakuwa na maikrofoni, bendi wala studio. Mtu anayekwambia huwezi kuanza kwa sababu huna kompyuta ya kisasa, mwonyeshe hiyo.

Mwaka wa 1949, Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada ilitoa Begone Dull Care, ya McLaren na Evelyn Lambart. Lambart alikuwa na shida ya kusikia tangu utotoni. Filamu hiyo ni picha ya jazi, piano ya Oscar Peterson, kijana mweusi wa Montreal aliyekuwa hata hajafika miaka 25. Kuna sehemu ya haraka, ya polepole, kisha ya haraka tena. Walipaka rangi pande zote mbili za mkanda, wakabonyeza vitambaa kwenye rangi ili viache alama, wakaacha hata vumbi lifanye kazi. Katikati, muziki unapotulia, rangi zote zinaondoka, inabaki michoro myembamba myeupe juu ya weusi. Serikali ndiyo iliyolipa. Sijaona popote kwamba Kanada iliporomoka kwa sababu hiyo.

Stan Brakhage, Mmarekani, alikuwa hana hata pesa ya kununua filamu alipotengeneza Mothlight mwaka wa 1963. Akaokota mabawa ya nondo waliokufa kwenye taa, majani na maua, akayabandika kati ya tabaka mbili za utepe unaopitisha mwanga. Ukiitazama, mabawa yanapita mbio, yanageuka vioo vya kanisa, yanapotea. Miaka 40 baadaye akiwa kitandani, mgonjwa wa kufa, alilowesha mkanda mweusi kwa mate yake na kuukwaruza kwa kucha. Kucha, bwana. Na huko Hispania, Mbasque José Antonio Sistiaga alipaka kwa mkono filamu ya dakika 75, iliyokamilika 1970, isiyo na sauti kabisa. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya fremu laki moja.

Kwa hivyo ile hoja ya vifaa tuizike. Sanaa hii ilizaliwa kwa kukosa vifaa. Watu walifika kwenye mkanda mtupu kwa sababu kamera ilikuwa ghali.

Hoja ya pili ndiyo yenye sumu: watu wetu hawataelewa. Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu sentensi hii si ya bahati mbaya. Ilijengwa.

Mwaka wa 1939 Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni, Colonial Film Unit, kikaongozwa na William Sellers, aliyekuwa ametengeneza filamu za afya Nigeria. Mwaka wa 1941 Sellers alichapisha makala yenye kichwa Films for Primitive Peoples. Kichwa kinajisemea. Kanuni zake zilikuwa kwamba filamu za Waafrika ziende polepole, tukio lifuatwe hatua kwa hatua bila kurukaruka, hila za kamera ziepukwe, kusiwe na chochote cha kumchanganya mtazamaji. Sasa sikiliza kinachoniudhi. Kitengo hicho kilikuwa chini ya Wizara ya Habari ya Uingereza. Na wizara hiyo hiyo, mwaka wa 1940, ilimlipa Len Lye atengeneze Musical Poster #1, filamu nyingine ya rangi za kupakwa, ya kuwaonya raia wasiropoke siri wakati wa vita. Kwa Mwingereza, hata onyo la vita linaweza kuja likicheza densi. Kwako, usichanganyikiwe. Wizara moja, hazina moja, watazamaji wa aina mbili.

Ushahidi wao ulikuwa nini? Waulize, watakuletea kuku. Kisa cha kuku kilisimuliwa na John Wilson, msomi wa London, na Marshall McLuhan akakiweka kwenye kitabu chake cha 1962, The Gutenberg Galaxy. Mkaguzi wa afya alitengeneza filamu ya polepole sana kuonyesha wanakijiji wa Kiafrika jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama. Baada ya maonyesho wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: kuku. Waliotengeneza filamu wakashangaa, kwa sababu hawakujua kuna kuku. Wakaikagua fremu moja baada ya nyingine, na kweli, kwa muda wa sekunde hivi, kuku alikuwa amekurupuka na kupita kwenye pembe ya chini ya picha.

Kisa hicho kimetumika miaka nenda miaka rudi kuthibitisha kwamba Mwafrika hajui kutazama filamu. Mimi nakisoma na kuona kinyume. Mzungu aliyeitengeneza hakuona kilicho ndani ya filamu yake mwenyewe. Alikuwa ameutazama ujumbe wake mpaka macho yakawa butu. Wanakijiji waliona kitu pekee kilichokuwa hai: mwendo wa ghafla, weupe au wekundu wa bawa, pembeni, sekunde moja. Hayo ndiyo macho ambayo Len Lye na Evelyn Lambart walikuwa wakiyafanyia kazi usiku na mchana. Mtu anayeweza kushika kuku kwa fremu 24 ndiye mtazamaji bora wa filamu ya rangi duniani, na alikuwa ameketi pale pale nyasini akilishwa somo la madimbwi. Na ili kumwelewa, wenye filamu walilazimika kushika mkanda na kuupitia fremu kwa fremu, yaani kazi ile ile ya mpaka rangi. Walifika mlangoni kabisa, wakageuka.

Najua kuna mtu atasema: sawa, lakini sanaa dhahania ni mambo ya wazungu, sisi ni watu wa hadithi. Hebu nikuulize. Kanga ina jina, yale maneno, na maneno tunayasoma, tunacheka, tunarushiana mafumbo. Lakini pindo lake lina maana gani? Mji wake je? Umewahi kumsikia nyanya yako akikataa kanga kwa sababu hajaelewa nukta? Anaitandaza, anaitazama, anasema hii ni nzuri ile siitaki, na anaijua sababu bila kukuandikia ripoti. Mistari ya kiondo inabadilishaje tabia katika jamii? Na wewe mwenyewe, mbona huwa unaacha matatu mbili tupu zipite ukingoja ile yenye graffiti kali na taa za zambarau zinazokimbizana darini, nauli ikiwa ile ile? Ule mwendo wa taa unaofuata besi ni binamu wa A Colour Box. Unaulipia kila wiki na hujawahi kuuliza walengwa ni nani.

Isitoshe, hao wazungu walitoa wapi? Len Lye alizaliwa New Zealand mwaka wa 1901. Kabla ya kufika London mwaka wa 1926 alikuwa amesoma kwa bidii sanaa za Wamaori, ameishi Samoa, ametazama vitambaa vya magome ya miti vinavyochorwa kwa mikono ya akina mama wa huko. Na filamu yake inayosifiwa zaidi, Free Radicals ya mwaka wa 1958, michirizi myeupe aliyoikwaruza kwenye mkanda mweusi kwa vyuma vya daktari wa meno na vitu vingine vyenye ncha, inacheza juu ya ngoma za Wabagirmi wa Chad. Bila zile ngoma, michirizi ile ni mikwaruzo tu. Ngoma ndiyo inayoipa uti wa mgongo. Mwaka wa 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa daima.

Sasa linganisha. Kwenye Begone Dull Care, mpiga piano anatajwa: Oscar Peterson. Kwenye Free Radicals, wapiga ngoma wanatajwa kama kabila. Kuna mtu aliyepiga mkono wa kulia, kuna aliyeingia nyuma yake, walikuwa na majina na mama zao waliwaita kwa hayo majina. Mikwaruzo ina mwenyewe, ngoma haina. Kwa hivyo usiniambie sanaa hii si yetu. Ilichukua kutoka kwetu, ikatufuta jina, halafu mlangoni tukaambiwa hatutaielewa. Simchukii Lye. Naipenda hiyo filamu, nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini kupenda hakuzuii kudai.

Hoja ya tatu huwa inatolewa na watu wenye nia njema: buda, watu wana njaa, rangi zingoje. Jibu langu ni tarehe tena. Uingereza ya 1935 haikuwa imeshiba. Ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, wanaume wakipanga foleni kwa ajili ya posho ya serikali. Hakuna aliyemwambia mchimba makaa asiye na kazi kwamba rangi zitamngoja apate ajira kwanza. Wazo kwamba maskini anahitaji maelekezo na tajiri ndiye anahitaji uzuri ni wazo la tajiri. Maskini hajawahi kulisema. Ukitaka ushahidi ingia nyumba yoyote ya mabati uone kalenda ukutani, kitambaa kilichofumwa juu ya redio, maua ya plastiki. Watu huanza na rangi wakiwa hawana kitu.

Wala sisemi ujumbe ni dhambi. A Colour Box yenyewe ilikuwa tangazo, na hapo ndipo somo lilipo. Mlipaji wa London alitaka kitu chake, bei ya vifurushi, na alikipata mwishoni. Lakini alimpa mtazamaji dakika nzima nzima za raha kwanza, bila masharti, kwa sababu alimheshimu. Hapa nyumbani pia tuna mfano. Yellow Fever ya Ng'endo Mukii, ya mwaka wa 2012, inazungumzia watu kujichubua ngozi, jambo zito kama lipi, lakini ndani yake miili na rangi zina uhai wao, hazikuajiriwa kubeba hotuba. Ujumbe na rangi vinaweza kukaa nyumba moja. Ninachokataa ni rangi kufanywa kijakazi, na ninachokataa zaidi ni kwamba asiyetaka kuajiri kijakazi hana hata mahali pa kubisha hodi.

Kwa wenye pesa, basi, dai langu ni moja na halihitaji warsha ya siku tatu hotelini. Katika kila filamu kumi mnazolipia, moja isiulizwe ujumbe. Moja tu. Mpeni mtu mkanda, au pesa za mkanda, na muda, halafu mkae kwenye kiti kama watazamaji wengine. Mkiona kuku, semeni kuku.

Kwako wewe unayechora nyuma ya daftari, mambo ni rahisi zaidi. Mkanda halisi wa filamu ni vigumu kuupata hapa na maabara za kuusafisha zimetuhama. Sinema nyingi zilizokuwa na projekta zimekuwa makanisa. Sawa. Ingia saiba uitishe zile karatasi za plastiki angavu wanazoweka mbele ya ripoti wakiifunga. Ya A4. Ikate kwa urefu vipande vya milimita 35: unapata sita. Kila kipande, kwa fremu za milimita 19, kinakupa fremu 15. Karatasi moja, fremu 90. Karatasi 16 ni dakika nzima ya filamu. Ukitaka kwenda polepole, fremu 12 kwa sekunde, karatasi nane zinatosha. Wino wa alama, rangi ya kucha, sindano, kiberiti, chochote kinachoshika kwenye plastiki. Weka kipande juu ya simu moja yenye mwanga mweupe, piga picha kwa simu nyingine, fremu moja baada ya nyingine, bila kusogeza simu. Programu za kuunganisha picha ziwe video ni za bure. Projekta haitaimeza, kwa sababu haina matundu, lakini sheria ya kazi ni ile ile: jicho, mkono, fremu, hakuna kamera ya kukufichia mkono wako.

Utachoka. Mgongo utauma, na dakika yako ya kwanza itakuwa mbaya. Ya pili utaanza kuona kwamba mstari una tabia, kwamba njano ikifuatwa na nyeusi inapiga kelele, kwamba unaweza kumfanya mtu ashike pumzi kwa fremu sita tupu. Hayo hutayasoma kwenye fomu yoyote. Ukimaliza, usiitume kwa mfadhili kwanza. Ionyeshe ukutani kwa jirani, kwa watoto wa ploti, kwa fundi wa gereji. Usiwaambie ni kuhusu nini. Waulize wameona nini, na usiwarekebishe.

Yule rafiki yangu bado ana vile vipande vya dimbwi, vya kabla ya mtoto kuanza kukohoa. Nimemwambia asivitupe. Na kwa wewe ambaye bado hujaanza, kuna fremu 1,440 katika dakika. Paka moja usiku huu, zitabaki 1,439.